Re: Virginia ilitokaje kwenye watumishi wa mkataba ikafika kwenye utumwa?

Mkuu umeuliza kama utumwa kule Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, ulianza siku moja tu, 1619 pale meli iliposhusha Waafrika wa kwanza. Hapana, ulijengwa polepole, sheria juu ya sheria, na hapo ndo panaponiuma.

Mwanzoni mashamba ya tumbaku yalitegemea zaidi Waingereza masikini, mtu analipiwa nauli ya meli halafu anaitumikia miaka 4 mpaka 7 hivi, akimaliza yuko huru. Waafrika wachache nao waliupata uhuru, Anthony Johnson mpaka akamiliki shamba. Sasa cheki kesi ya John Punch, 1640: watumishi watatu wanatoroka pamoja kwenda koloni jirani la Maryland, wanakamatwa pamoja, wote wanahukumiwa viboko 30, ila wazungu wawili wakaongezewa miaka 4 na Punch, Mwafrika, akaambiwa atumike mpaka kufa. Kosa lile lile moja!

Halafu 1662 ikaja sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama, yaani mama mtumwa na mtoto mtumwa hata kama baba ndo mwenye shamba mwenyewe. 1667 wakasema hata ukibatizwa huwi huru.

Wengi wanataja uasi wa 1676 ulioongozwa na Nathaniel Bacon dhidi ya gavana, weusi na wazungu masikini walivyoshika silaha pamoja na Jamestown, mji mkuu wa koloni, ikachomwa moto, ni kweli matajiri waliogopa, ila mi naona tusisahau na soko, vibarua kutoka Uingereza walikuwa wanapungua huku meli za watumwa zinaongezeka, mpaka 1705 sheria zikakusanywa pamoja na mtumwa akaandikwa mali isiyohamishika, kama kiwanja.