Gari inagoma ikipata joto, ni pampu au rilei?

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu asubuhi inawaka poa tu ila nikiipaki juani mchana stata inazungusha lakini haiwaki, nikisubiri kama nusu saa inawaka yenyewe. Nimeambiwa ninunue pampu ya mafuta. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu usitoe hela bado, hiyo dalili mi naishuku rilei kwanza, yaani kile kiswichi cha umeme kinachopeleka umeme kwenye pampu. Siku ikigoma, weka swichi on bila kupiga stata usikilize upande wa tenki, gari nyingi pampu inalia kama sekunde mbili hivi. Kimya? Shika rilei ya pampu na ile kubwa ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwa kompyuta) kwenye boksi la fyuzi, mtu awashe swichi, usikie zikigonga "tik". Ikigonga na bado pini ya rilei namba 87 (umeme unapotokea) haitoi umeme wakati pini ya 30 (unapoingilia) ina volti 12, basi kontakti za ndani zimeungua. Isipogonga usiilaumu haraka, pima kwanza kama pini za 85 na 86, za koili (waya wa ndani unaovuta kontakti), zinapata umeme na athi (hasi), maana mara nyingi athi inatoka kwenye kompyuta ya gari, koili yenyewe nyingi zinasoma kama omu 50 hadi 120.

Na hili la joto watu wengi hawalijui, lehemu ya ndani ikipata nyufa inaachia gari likipata joto, likipoa inashika tena, kwa hiyo ukipima asubuhi utaona nzima kabisa! Pima ikiwa ya moto. Au azima rilei ya honi ujaribie, ila namba na pini zifanane kabisa tafadhali.