Kasha la bibi halitaki msasa

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja, na vitu vilivyomo vimetutangulia sote: kasha, kitanda cha samadari, viti vya mpingo. Kila mgeni anayeingia ana ushauri, na karibu wote wanasema ving'arishwe. Mimi nasema viacheni.

Kwanza tazama ukuta. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa polepole. Ukizipiga saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inabandua lipu, na kasha lililoegemezwa pale linaota ukungu mgongoni. Lipu iwe ya chokaa. Samani zikae mbali na ukuta angalau upana wa kiganja, na kasha lipandishwe juu ya vigogo. Hilo limetufaa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Makasha mengi ya mwambao yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, mbao za msaji zilizopigwa misumari ya shaba. Bibi zetu waliisugua shaba kwa ndimu na majivu. Inang'aa kweli, ila ndimu inaila, na majivu yanaganda kuzunguka vichwa vya misumari, utando mweupe usiotoka tena. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Mbao zipake nta ya nyuki, kidogo sana, mara moja kwa mwaka. Vanishi hapana! Msasa ndio balaa lenyewe: fundi mmoja alilikwangua kasha la jirani mpaka likafanana na yale mapya wanayouziwa watalii.

Ukiona unga wa mbao chini ya kitanda, usikimbilie sumu. Fagia, tandika kitambaa cheusi, subiri siku chache. Unga ukianguka tena, bungua, wadudu watoboao mbao, bado wamo. Usipoanguka, hayo ni matundu ya zamani, yaache.

Viti vya enzi, vile vya mpingo, je? Kamba za kukalia zikikatika, zisukwe upya bila wasiwasi. Hazikuumbwa kudumu kama mpingo. Lakini vile vipande vyeupe vilivyochomekwa usiving'oe. Vingine ni mfupa, vingine pembe za ndovu, na tangu nchi zilipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, kukivusha kiti cha namna hiyo bila vibali ni kujitafutia kesi. Shangazi aliyeko Muscat akikitaka, mwambie aje akikalie hapa hapa.