Pima Udongo Kabla ya Kuchimba Bustani ya Mvua

Bustani ya kwanza ya mvua, yaani bonde lenye mimea linalopokea maji ya paa ili udongo uyanywe, niliyoichimba nyuma ya nyumba ilituamisha maji kwa siku nne baada ya mvua moja tu, nami nilihofia sana mbu, kwa kuwa yai la mbu huhitaji takriban wiki moja kufikia mdudu kamili. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo paa la mita za mraba 80, likipata mvua ya milimita 25, hutoa lita 2,000, na bonde la mita za mraba 14 lenye kina cha sentimita 15 huyapokea maji hayo yote yasifike mtaroni. Nilichoacha ni kuupima udongo wenyewe kama unanywa maji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua mche hata mmoja, chimba shimo la sentimita 30 mahali unapokusudia, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha ulijaze tena na upime kwa rula yanashuka kiasi gani kila saa. Kwangu yalishuka sentimita moja kwa saa sita. Kosa halikuwa la udongo wa mfinyanzi peke yake: wakati wa ujenzi mikokoteni ya mchanga na matofali ilipita palepale, na udongo ukishindiliwa, nafasi ndogo ambamo maji hupenya hufungwa. Naamini jambo hili huharibu bustani nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa mimea. Nilivunja tabaka hilo kwa sululu, nikachanganya mboji, nikapanda nyasi na vichaka vyenye mizizi mirefu, kisha nikapiga marufuku mtu yeyote kukatiza hapo. Nilipopima tena, maji yalishuka sentimita moja kwa saa, yaani bonde hukauka kwa saa 15; mimi sikubali lizidi saa 48.

Bonde liwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na lisiwe juu ya shimo la maji taka. Acha pia njia ya maji ya ziada iliyotandazwa mawe, maana ipo mvua itakayolizidi. Mawe mengine yaweke pale maji ya paa yanapoingilia, na tope linalokusanyika hapo lizolewe kila baada ya mvua kubwa, kabla halijasambaa na kuziba udongo upya.