Unayeanza kucheza kikapu viwanja vya Dar: linda neno lako

Umehamia Dar kwa chuo au kazi na unatafuta pa kucheza kikapu jioni? Viwanja vipo. Kuna JMK Park pale Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa 2015, na kuna Don Bosco Upanga. Utaratibu wa kuingia uulizie getini, maana kila mahali wana wao.

Ukifika, salimia. Kocha au mkongwe aliyekaa pembeni mpe shikamoo yake, kisha uliza, "Nani anafuata?" Mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka, na timu inayofuata ina mtu anayeipanga. Huyo ndiye wa kuongea naye. Wakati unasubiri, usirushe mpira kwenye ringi iliyo wazi eti kwa sababu mchezo uko upande wa pili. Mpira wako ukibingirika ndani, kuna mtu anashuka kutoka kwenye ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, na hauoni, na kifundo cha mguu kinakwenda hapohapo.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mchezo wa mtaani hauna refa. Faulo huita aliyechezewa, na neno lako ndilo filimbi. Iite palepale unapoguswa, kwa sauti. Ukisubiri uone mpira umeingia au umekosa ndipo uite, watu wameshakuelewa, na wiki ijayo hata ukiumizwa kweli watakubishia. Wewe ukimpiga mtu mkono, inua wako kabla hajalalamika. Mpira ukitoka na wa mwisho kuugusa ni wewe, sema "wenu" urudi kukaba. Nimeona vijana wenye mikono ya kawaida kabisa wakiitwa kwenye kila timu kwa sababu hii tu, na wafungaji hodari wakiachwa benchi.

Na ubishi una gharama. Watu wengi wanaingia uwanjani saa kumi na nusu, jua likianza kupoa, na ikikaribia saa moja giza limeshika. Pasipo na taa, dakika kumi za kubishania faulo moja zinawalia muda waliopanga foleni, tena waliotoka mbali kwa daladala. Ndiyo maana penye busara mzozo hukatwa kwa mtupo mmoja: mwenye madai anarusha kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, ukiingia, mpira ni wake, ukikosa, ni wa wenzake. Kubali matokeo, mchezo uendelee. Na kila kikapu kikiingia, taja matokeo kwa sauti, "nne-tatu!", kwa sababu nusu ya ugomvi huwa ni hesabu.

Nusu uwanja, watatu kwa watatu, uliza kwanza mnafika pointi ngapi. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni dakika 10 au pointi 21, kikapu cha ndani 1 na cha nje ya mstari 2, lakini foleni ikiwa ndefu watu hupunguza.

Ukiwa mrefu, jiandae kuitwa Hasheem kabla hujaulizwa jina. Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar, na mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kwenye drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies. Watakusukuma chini ya ringi hata kama unajua kudribo. Nenda. Kaba, shika ribaundi, toa pasi ya haraka. Ukishaaminika utaachiwa mpira. Dada ukiingia, dai ukabwe kama wengine, kwa sababu timu inayokuachia wazi kwa huruma haikufundishi kitu.

Raba ziwe na soli inayoshika, maana vumbi juu ya saruji linateleza, na masika kagua madimbwi kabla ya kukimbia. Ukipata hela kidogo nunua mpira wa raba, namba 7 kwa wanaume, 6 kwa wanawake. Wa ngozi sementi huumaliza upesi.