Maswali ya Wasomaji: “Aller” na “te” za Kiholanzi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongozaji wa watalii, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Mgeni mmoja kutoka Uholanzi, tulipokuwa ndani ya Mapango ya Amboni, alisema: “Dit is de allermooiste grot.” Najua kwamba “de mooiste grot” ni pango zuri kuliko mengine; je, “aller” imeongeza nini? Tena, kwa nini husema “ik wil zwemmen” (nataka kuogelea) lakini “ik probeer te zwemmen” (najaribu kuogelea), ilhali kwetu ku- ni ileile?

JIBU: Kwanza nakupongeza kwa kutokiita Kiholanzi “Kidachi”, kwa kuwa wazee wetu walipotaja Wadachi walikuwa na maana ya Wajerumani.

“Aller” ni umbo la kale lenye maana ya “ya yote”, ambalo leo huunganishwa na kivumishi kilichokwisha kufikia daraja la juu kabisa: “best” (bora kabisa) huwa “allerbest”, wala hakuna “allergoed” kutokana na “goed” (zuri). Kwa hiyo mgeni wako alisisitiza kwamba katika mapango yote hakuna linalolifikia hilo. Hata hivyo, ukisikia “een alleraardigste man”, hapo hakuna mashindano. Maana yake ni mtu mwema sana tu.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Vitenzi kama “willen” (kutaka), “kunnen” (kuweza), “moeten” (kulazimika) na “mogen” (kuruhusiwa) hufuatwa na kitenzi kitupu, bila “te”. “Proberen” (kujaribu) na “beginnen” (kuanza) huitaka “te” hiyo. “Hoeven”, ambacho kwa kawaida huandamana na ukanushi, nacho huitaka: “je moet wachten” ni lazima ungoje, bali “je hoeft niet te wachten” ni si lazima ungoje. Orodha hii, kwa maoni yangu, haina njia ya mkato. Ni ya kukariri.

Ukitaja kusudi, “om” hutangulia na “te” hukaa jirani ya kitenzi mwishoni, na mengine yote huwekwa katikati: “Ik ga naar de markt om vis te kopen”, yaani ninakwenda sokoni kununua samaki. Ku- yetu haikubali kutenganishwa na kitenzi chake kwa neno zima namna hiyo, ingawa hupokea kiambishi, kama -m- katika “kumpigia simu”. Kiholanzi kwa upande wake hukipasua kitenzi chenyewe: “opbellen”, kupiga simu, huwa “op te bellen”.

Mgeni akikwambia “hij staat te wachten”, ni sawa na kusema amesimama akingoja, ila mkazo uko kwenye kungoja, si kusimama. Usishangae jambo hilo likisimuliwa baadaye kuwa “hij heeft staan wachten”: katika muundo huo “te” kwa kawaida huondoka, na “staan” hubaki katika umbo lake la msingi.