Kabla ya Kumsahihisha Neno Mtu Aliyeomba Msaada

Nimetengeneza simu na kompyuta katika kibanda kimoja cha Barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa muda huohuo nimekuwa nikijibu maswali ya teknolojia katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa Umoja. Zamani nilidhani kazi hizo mbili ni moja. Kibandani, mteja akikiita kitu kwa jina lisilo lake ninamwelewa bila taabu, kwa sababu kitu chenyewe kiko mezani kati yetu. Kwenye kundi hakuna kitu mezani. Lipo neno tu, na ndiyo maana neno hilo huvamiwa na kila mtu kabla shida ya mwenyewe haijaguswa.

Usiku mmoja jirani yetu, mama ambaye ni fundi cherehani, aliandika hivi: "Hamjambo majirani. Memori ya simu yangu imejaa, haikubali kupiga picha tena. Nataka kufuta picha zote kwa simu, maadamu ziko na bakapu mtandaoni. Nitazifuta vipi kwa mara moja?"

Mimi ndiye niliyejibu kwanza. Nilieleza kwa urefu kwamba memori ni ramu, ambayo hushikilia kazi zinazoendelea na kupoteza kila kitu simu inapozimwa, na kwamba mahali zinapokaa picha panaitwa hifadhi. Hapakuwa na uongo katika niliyoyaandika. Baada yangu akaja mwalimu mstaafu, akasema kwamba hata ile ya waya ni simu, kwa hiyo mama aseme rununu. Mwingine akamjibu kwamba Watanzania wengi husema simu ya mkononi na hawana haja na rununu. Tulivutana hadi saa sita za usiku, na katikati ya mvutano huo kijana mmoja akamwelekeza mama namna ya kuchagua picha zote kwa pamoja, naye akafuata maelekezo.

Picha zake hazikuwa na bakapu, yaani nakala rudufu inayobaki salama hata ya kwanza ikifutwa. Zilikuwa zimelandanishwa, yaani huduma aliyoitumia ilikuwa ikihakikisha kwamba yaliyomo kwenye simu na yaliyomo mtandaoni yanafanana wakati wote: ukiongeza huku kunaongezeka kule, na ukifuta huku kunafutika kule. Alifuta kwenye simu, akamwaga na pipa la taka ili apate nafasi upesi, na asubuhi alipofungua akaunti yake kwenye kompyuta ya saiba hakukuta kitu. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo za marehemu mama yake, ambazo hazikuwa na nakala nyingine popote. Alifika kibandani saa tatu akiwa na simu mkononi, nami nilijaribu kila njia ninayoijua mpaka jioni bila kurudisha hata picha moja.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba katika ujumbe wake lilikuwamo neno lililohitaji kusahihishwa kwa haraka, nalo lilikuwa "bakapu". Hakuna aliyeligusa. Mimi ninayejua tofauti ya nakala rudufu na ulandanishi, na ninayeieleza kwa wateja karibu kila wiki, nililipita neno hilo nikakimbilia "memori", kwa sababu "memori" lilikuwa kosa jepesi la kuonyesha ujuzi. Picha zilikuwa zinajaza simu. Kuziita zimejaza memori au hifadhi kusingebadilisha lolote ambalo mama yule angelifanya usiku ule. Neno "bakapu" ndilo lililomruhusu kubonyeza kitufe cha kufuta.

Tangu hapo, kabla sijamsahihisha mtu, ninatazama mkono wake. Najiuliza: akiendelea kuamini neno hili jinsi anavyoliamini sasa, atabonyeza kitu gani, atanunua kitu gani, atalipa kiasi gani? Ikiwa neno sahihi lingemfanya atende tofauti, ninamsahihisha, tena mapema na waziwazi. Ikiwa angetenda vilevile, ninaliacha neno lake na kujibu swali.

Chukua suala la megabiti na megabaiti, ambalo wengi huliona kuwa ubishi wa wasio na kazi. Jirani mmoja alilipia intaneti ya nyumbani ya megabiti 10 kwa sekunde, akaona kompyuta ikipakua faili kwa megabaiti 1.2 hivi kwa sekunde, akaamini ameibiwa na kutaka kukatisha mkataba. Baiti moja ni biti nane, na 10 ukigawa kwa nane unapata 1.25, kwa hiyo alikuwa akipata karibu kila alicholipia. Hapo kumsahihisha kulimwokolea fedha na ugomvi, na maelezo yenyewe yalichukua mistari miwili.

Linganisha na yule anayelalamika kwamba flashi yake ya gigabaiti 64 inaonyesha 59.6 tu kwenye kompyuta. Maelezo anayoyahitaji ni kwamba mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo kiasi ni kilekile kimepimwa kwa vipimo viwili. Ni kweli kwamba mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina ya kutenganisha vipimo hivyo, na kwamba kipimo cha pili kinapaswa kuitwa gibibaiti. Hata hivyo, sijawahi kumwona mtu akisaidika kwa kuambiwa aseme gibibaiti, ilhali nimewaona wengi wakisaidika kwa kujua kwamba hawakuuziwa flashi bandia.

Kuna maneno ambayo uzito wake hubadilika kulingana na mahali. Hapa Nairobi watu wengi huliita kasha zima la kompyuta ya mezani "sipiyu", ilhali sipiyu hasa ni kichakataji, kipande kidogo kinachopachikwa kwenye bodi ndani ya kasha hilo. Mzee akiniletea kasha na kusema sipiyu haiwaki, simfundishi jina, nalifungua kasha. Lakini mteja wa Kitengela alinipigia simu kuuliza bei ya sipiyu, nikamtajia ya kichakataji, akafunga safari ya kuja mjini na fedha zisizotosha hata nusu ya kasha alilolitaka. Neno lilelile ambalo mezani halina madhara, likipita kwenye simu linamgharimu mtu nauli na siku nzima. Siku hizi ninauliza: "Unataka lile kasha lote, au kile kipande cha ndani?" Swali la namna hiyo hufanya kazi ya sahihisho bila kumshusha mtu mbele ya wenzake.

Neno "flashi" linahitaji uangalifu zaidi. Kwa Mkenya wa miaka ya 2000, kumflashi mtu kulikuwa kumpigia simu na kukata kabla hajapokea ili akupigie yeye. Flashi pia ni kile kijiti cha kuhifadhia faili. Na kuflashi simu kwetu mafundi ni kuipakia upya programu endeshi, kazi ambayo mara nyingi hufuta kila kitu kilichomo. Mtu akiniandikia "nisaidie kuflashi simu", simjibu kabla ya kuuliza anataka kuona nini simu ikishamaliza.

Kuhusu intaneti na wavuti nitasema machache. Intaneti ni ule muunganiko wa kompyuta zenyewe, na wavuti ni kurasa na tovuti tunazozifungua kupitia muunganiko huo. Intaneti ndiyo kongwe: itifaki zake za TCP/IP, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, zilianza kutumika rasmi katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983, na wavuti ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva. Kiswahili cha kila siku huviita vyote viwili mtandao, na huliita hivyo hata wimbi la simu, ndiyo maana tunasema mtandao umepotea. Tofauti hiyo ninaieleza tu kwa mtu aliyenunua bando la WhatsApp pekee, ambaye anashangaa kwa nini tovuti hazifunguki na ujumbe unaingia.

Sasa nifike kwenye usahihishaji ninaouona kuwa na madhara makubwa kuliko mwingine wote, ule wa Kiswahili chenyewe. Mtu anauliza kuhusu kompyuta, anaambiwa aseme tarakilishi; akisema laptopu anaambiwa kipakatalishi; akisema paswadi anaambiwa nywila. Ninayapenda maneno hayo na mengine ninayatumia. Ninajua pia kwamba usanifu umetufaa: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ikauendeleza, na bila juhudi hizo huenda tusingekuwa na vitabu vinavyosomeka sawasawa Kisumu na Tanga. Lakini aliyeandika akiwa na hofu ya kupoteza faili zake hakuja kufanya mtihani. Nimeona katika kundi letu watu wawili ambao, baada ya kusahihishwa hivyo, walihamia Kiingereza kila walipokuwa na swali, na mmoja hakuuliza tena kabisa. Anayekipenda Kiswahili hawezi kufurahia matokeo hayo.

Neno jema huingia lenyewe likitumiwa. "Kupakua" lilitoka jikoni, kwenye chungu na sahani, na bandarini, kwenye shehena, likaingia kwenye simu zetu kwa sababu watu walilisikia ndani ya sentensi zenye manufaa, wakalichukua. Ndivyo ninavyofanya sasa na neno hifadhi. Mtu akisema memori imejaa, ninajibu hivi: "Pole. Fungua mipangilio, ubonyeze palipoandikwa hifadhi, utaona ni nini kinachojaza simu." Amepata msaada na neno kwa pamoja, na hakuna aliyeaibishwa. Ikiwa kosa ni la hatari, ninaanza na kitendo badala ya jina: "Usifute bado. Picha hizo zimelandanishwa, ukifuta kwenye simu zitafutika na mtandaoni." Sahihisho dogo ambalo bado ninaona linafaa ninampelekea mhusika faraghani, siku nyingine, shida ikiwa imekwisha.

Na wewe ukisahihishwa wakati bado una shida, sema asante, kisha rudia swali lako lote kama lilivyokuwa. Usiingie kwenye ubishi, kwa maana swali lako litazama chini ya jumbe arobaini na hakuna atakayerudi kulitafuta.

Mwezi uliopita mama yule wa cherehani aliandika tena kwenye kundi, akisema memori ya simu ya mwanawe imejaa. Nilimwomba anunue flashi inayochomekwa kwenye simu, anakili picha zote humo, aichomoe, kisha afungue picha tano au sita kutoka kwenye flashi hiyo kwa kompyuta ya saiba. Alifanya hivyo kesho yake, akanipigia akiwa bado ameketi pale saiba, akanisomea majina ya watu aliowaona katika kila picha. Nilipomwambia sasa anaweza kufuta, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamjibu mara mbili.