Mtungi wa Gesi Sikuuchukua: Kwa Wageni wa Soba

Jana usiku mkutano wetu hapa soba, nyumba ya wanaoacha unga wa heroini, ulichelewa kufungwa. Vijana wawili, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haijawatoka miguuni, walikuwa wakibishana kama anayekunywa methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, anahesabika klini, yaani ameacha kweli. Mmoja anasema huyo kahama tu, katoka kwenye kete ya unga kaenda kwenye kikombe. Mwenzake anamwaga hoja za daktari. Sisi wengine tunatazama, chai inapoa. Mabishano hayo yana umri wa kliniki yenyewe; Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na sijamwona bado aliyepata nafuu kwa kuyashinda.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnachosha. Sikilizeni.

1. Anayekunywa dawa mwacheni anywe. Kila siku anapanga foleni, anakunywa mbele ya muuguzi, anarudi kwao bila kung'oa nyaya za mtu. Wewe una kazi yako.

2. Kwenye kushea, mtu anaposimulia yake mkutanoni, hakuna kujibizana, na sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wenzako peke yao.

3. Siku uliyo na haki ndiyo siku ya kumpigia sponsa, yule mkongwe aliyeacha kabla yako anayekushika mkono. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipewa ruhusa kwenda nyumbani Sikukuu. Nimenawiri, shati limepigwa pasi, najiona mtu. Asubuhi ya pili mtungi wa gesi haupo jikoni. Hakuna aliyenitaja. Mama alinitazama tu, mkono wake ukaenda kwenye pindo la khanga kupapasa fundo lake la pesa.

Basi nikawaka. Nikataka nyumba nzima ikusanyike, nikataka msahafu uletwe niapishwe, nikapandisha sauti mpaka majirani wakatoka barazani. Adhuhuri shemeji akaingia na mtungi begani, alikwenda kuujaza. Mmeona? Nilikuwa na haki tupu, ya kuchuja. Yangeishia hapo, leo ningekuwa na kisa kizuri cha kushea.

Lakini nilitaka kuombwa radhi, tena mbele ya majirani wale wale, na mama yule yule niliyemwibia televisheni, masufuria, na khanga za sandukuni alizokuwa hajazivaa hata mara moja. Akaniomba. Mtu mzima, machozi yanamtoka, ananiomba radhi mimi. Na bado haikunitosha, nikaona hakuomba kwa moyo! Nikatoka huku naongeza hoja kichwani, na miguu njia ya maskani inaijua. Nilijidunga kiasi nilichokizoea zamani, na mwili ulikuwa umeshausahau unga. Niliokuwa nao walinimwagia ndoo ya maji, wakanizaba makofi, nilipokuwa siamki wakakimbia. Aliyenibeba kunipeleka hospitali ni shemeji, yule yule wa mtungi.

Sponsa aliponijia wodini, neno langu la kwanza lilikuwa, "Mtungi lakini sikuuchukua."

Akanijibu, "Tunajua. Hata shemeji yako anajua. Haya, lala."

(Mwili uliokaa bila unga haubebi tena kiasi cha zamani, mtu akizimika akimbizwe hospitali, maji ya ndoo si dawa.)

4. Walioanzisha AA, ushirika wa walevi wanaoacha pombe zilikotoka Hatua Kumi na Mbili tunazozifuata, kule Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, mmoja alikuwa mtu wa soko la hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Si watu wa kukosa hoja hao, na hoja zao hazikuwatoa kwenye chupa. Hatua ya Kumi inataka tukikosea tukiri mara moja. Haisemi tusubiri mwenzetu akiri lake kwanza. Nimewahi kupewa daftari la Hatua ya Nne, ile ya kujichunguza na kuandika makosa yako, na kijana mmoja, makosa yake yote kayaandika kwa mwandiko mzuri, ila kurasa nyingi zaidi zilikuwa za makosa ya mkewe. Nilimuuliza mkewe naye anaingia soba lini. Hakucheka. Siku hizi anacheka, na daftari jipya lilikuwa jembamba mno.

5. Ukienda kuomba radhi nyumbani, omba, sikiliza utakachoambiwa hata kama nusu yake si kweli, uondoke. Ya kueleza yaleteni kwangu, nina subira. Kidogo.

6. Sisemi uwe zoba. Mtu akiingiza kete ndani ya nyumba, sema, hata wakikuita mnoko. Ukiona pesa za chakula zinaliwa na msimamizi, sema, na kama msimamizi ni mimi, sema kwa sauti zaidi. Lakini ugali kuwa mbichi si dhuluma. Kulala karibu na mlango si dhuluma. Ikiwa jana uliosha vyombo wewe na leo umepangwa tena kwa makosa, osha, halafu njoo unieleze. Nitakusikiliza vizuri zaidi sufuria zikishakauka.